Lami Inapokomea Langoni: Idadi ya Watu na Haki ya Njia Ngorongoro na Karatu



Tangu Agosti 2024 maswali kuhusu Ngorongoro yamekuwa yakitufikia kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni ya wanaouliza kama inafaa kisharia serikali kuwaondosha watu katika ardhi kwa hoja kwamba wamekuwa wengi mno. Ya pili ni fupi zaidi, na imetoka kwa ndugu zetu wa Karatu: je, Zaka inaweza kununua gari ya wagonjwa kwa ajili ya vijiji ambavyo gari hazifiki? Swali la kwanza ni la magazeti, na la pili ni la mtu anayeugua usiku. Tutayatazama yote mawili, kwani kadiri tunavyolichimba jambo hili tunaona ni maswali ya nyumba moja.

Kwanza tuijue ardhi yenyewe, maana wengi wetu huku visiwani tunaijua kwa picha za simba tu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, baada ya Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti kukubali mwaka 1958 kuiachia hifadhi ya taifa na kuhamia upande wa pili. Walikubaliwa wakae na wachunge humo, pamoja na wanyama pori. Eneo lake ni kilomita za mraba 8,292. Serikali inasema mwaka ule walikuwemo watu wapatao 8,000, na ilipofika 2022 ikasema wamepita 110,000. Mifugo nayo inatajwa kuwa ilikuwa kiasi cha 260,000, ikapita milioni moja. Hizo ndizo nambari zilizosomwa bungeni, zikarudiwa redioni na kwenye vipeperushi, mpaka mtu wa Mwanakwerekwe ambaye hajapata kumuona nyumbu akaweza kuzitaja kwa moyo.

Nambari hizo sizikatai. Watu wameongezeka kweli, na si Ngorongoro peke yake. Wilaya nzima ya Ngorongoro, pamoja na Loliondo na Sale zilizo nje ya eneo la hifadhi, ilikuwa na watu 174,278 katika sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikawakuta zaidi ya 270,000. Karatu, jirani yao wa chini ya mlima, ilitoka 230,166 ikafika kama 280,000. Tanzania nzima inaongezeka, na Zanzibar ndiyo usiseme: sisi ni watu 1,889,773 katika visiwa ambavyo hata ukivijumlisha Unguja na Pemba havifikii thuluthi ya eneo la hifadhi ile. Kwetu ni zaidi ya watu 700 kwa kila kilomita ya mraba. Ngorongoro ni watu 13 hivi.

Atakuja mwenye kusema kwamba mfano huu haufai, kwani sisi hatuishi na faru. Ni kweli. Chui wetu wa Unguja tumemmaliza, na msitu wa Jozani umebaki kama kiraka, kwa hiyo hatuna cha kuwafundisha watu wa bara katika suala la kuishi na wanyama. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba wingi wa watu peke yake haujibu swali lolote. Watu 13 kwa kilomita wanaweza kuwa wengi na 700 wakawa wachache, kutegemea wanaishi kwa nini, maji yanatoka wapi, na mgonjwa wao anafikaje hospitali. Idadi ni mwanzo wa mazungumzo. Ngorongoro imefanywa kuwa mwisho wake.

Sasa tuitazame njia.

Kutoka Makuyuni, pale unapoiacha barabara kuu ya Arusha na Dodoma, lami inakwenda Mto wa Mbu, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, inapita Rhotia, Karatu mjini, mpaka lango la Lodoare, ambako ndipo mlango wa hifadhi. Ni kilomita 77, na ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni barabara nzuri, na ndiyo iliyoifanya Karatu iwe mji: hoteli, gereji, benki, vituo vya mafuta, misikiti iliyojaa siku ya Ijumaa. Mradi ule ulikomea langoni. Ng'ambo ya lango sehemu kubwa ni changarawe, kiangazi vumbi, masika tope. Gari za watalii zina magurudumu ya kuihimili njia hiyo, na mgeni kutoka nje ameshalipa dola 60 kabla ya kodi ili aipite, kwa hiyo kwake mtikisiko ni sehemu ya safari. Kwa mama wa Endulen, Kakesio au Nainokanoka aliyeshikwa na uchungu, njia ileile ni mtihani mwingine. Juu ya hayo malango hufunguliwa asubuhi saa kumi na mbili na kufungwa jioni saa kumi na mbili. Uchungu wa uzazi haufuati saa za ofisi.

Endulen ipo hospitali, ya Kanisa Katoliki, na imewahudumia watu wa tarafa ile kwa miongo mingi. Ilikuwapo pia huduma ya ndege ndogo za matibabu, Flying Medical Service, iliyokuwa ikiruka tangu 1983 kwenda kwenye vijiji ambavyo gari hazifiki, kutoa chanjo na kuchukua mahututi. Mwaka 2022 ndege hizo zilisimamishwa. Mwaka huohuo fedha za UVIKO-19 zilizokuwa zimepangiwa skuli za Ngorongoro zikahamishiwa Handeni, mkoani Tanga, kulikoandaliwa kijiji cha Msomera cha kuwapokea watakaohama. Atakayekubali kuhama aliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari mbili na nusu, na shamba la ekari tano. Serikali ilisema, na inasema bado, kwamba kuhama ni kwa hiari.

Hapa ndipo mwanafunzi wa fiqhi anaposimama. Katika mas-ala ya uuzaji na makubaliano, ridhaa ni nguzo, na ridhaa ya aliyebanwa wanavyuoni wameijadili kwa urefu. Mtu akiondolewa skuli, akiondolewa dawa, akiachwa na njia isiyopitika, kisha akaulizwa kama anataka kuhama, na akasema ndiyo, je ndiyo yake ni ya aina gani? Sisemi kwamba kila aliyekwenda Msomera alilazimishwa. Wapo waliokwenda kwa kutaka kulima, kwani ndani ya hifadhi kilimo kimekatazwa, na wapo ambao leo wana maisha mazuri kuliko jana. Lakini huwezi kuifunga milango yote ukaacha mmoja, kisha ukaandika kwenye daftari kwamba mtu amechagua mlango.

Jambo lililofuata ndilo lililozifanya nambari zile zigeuke kichwa chini. Agosti 2, 2024 lilitolewa tangazo la serikali lililofuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika tarafa ya Ngorongoro. Kwa karatasi moja, watu zaidi ya laki moja wakawa wanaishi mahali pasipo na kijiji. Na ikumbukwe kwamba uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umekaribia, Novemba mwaka huohuo. Ndugu msomaji, tulitazame hili kwa utulivu. Watu hawa walihesabiwa vizuri sana, mmoja mmoja, ilipotakiwa kuthibitishwa kwamba wamezidi. Ulipofika wakati wa kuwapa mwenyekiti wa kijiji, kituo cha kupigia kura na fungu la barabara, wakawa hawamo. Mtu hawezi kuwa wengi kwa jambo moja na sifuri kwa jingine.

Agosti 18 wakatoka barabarani. Maelfu, wanawake wakiwa wengi, walikaa kwenye njia kuu inayotoka Lodoare kwenda Serengeti, na msafara wa gari za watalii ukasimama. Tumeulizwa hukumu ya hilo pia. Asili ni kwamba kuwazuilia watu njia ni udhia, na Mtume (s.a.w.) amehesabu kuondosha kinachoudhi njiani kuwa ni tawi la imani, basi vipi kukiweka? Msafiri aliyekuwamo ndani ya gari hakuwafuta wao vijiji vyao. Hata hivyo mimi siwezi kuwalaumu kama ninavyomlaumu anayeziba njia kwa ajili ya harusi au mkutano wa chama. Hawakubeba silaha, hawakumgusa mgeni, na hawakuwa na mahali pengine pa kusikilizwa. Ile njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mgeni ndiyo pekee ambayo sauti yao ingeweza kupita na kufika Dodoma. Ikafika. Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo lile, na kesho yake Waziri Lukuvi akawa amesimama mbele yao kuwaambia huduma zitarudi. Disemba 1 Rais Samia akakutana na viongozi wa Wamaasai Arusha, akaahidi tume mbili, moja ya masuala ya ardhi na nyingine ya huku kuhama kwa hiari. Zilizinduliwa Februari 20, 2025.

Sharia yetu ina neno kwa mambo kama haya, na inashangaza kwamba halitajwi. Neno hilo ni hima: ardhi ya malisho inayozuiliwa na dola kwa maslahi ya wote. Mtume (s.a.w.) aliiweka, akakataza isiwe ya wakubwa kwa nafsi zao kama walivyokuwa wakifanya machifu wa Kiarabu zama za ujahilia. 'Umar (r.a.) akaipanua kule Rabadha, akamweka mtumishi wake Hunayy awe mlinzi. Wasia aliompa umo katika Sahihi ya al-Bukhaari, na anayetaka kuelewa uhifadhi ausome wote. Kwa ufupi alimwambia: mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache mruhusu aingie, na mifugo ya Ibn 'Awf na Ibn 'Affaan usijali ikizuiwa. Na akatoa sababu. Wale wawili wakifiwa na mifugo wana mitende na mashamba ya kurudia. Masikini akifiwa na wanyama wake atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa, na hapo maji na majani yatakuwa yalikuwa rahisi kuliko dhahabu na fedha. Kisha akaongeza jambo la kutisha kwa mtawala: kwamba wenye ardhi ile wanaona amewadhulumu, kwani ni nchi yao, waliipigania katika ujahilia na wakasilimu wakiwa juu yake.

Tazama 'Umar alivyoipanga foleni. Uhifadhi anaukubali. Hakusema ardhi iachwe kila mtu ajichungie. Lakini mlangoni, wa kwanza kuingia ni mwenye kidogo, na wa kuzuiwa ni mwenye pa kwenda. Sasa chukua kipimo hicho ukasimame nacho Lodoare jioni, uangalie nani anapita kwa urahisi na nani anaulizwa kitambulisho.

Nisije nikaeleweka kwamba uhifadhi ni mchezo wa Wazungu. Watu wa Karatu wanajua zaidi. Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro ndio unaoshika mvua na kuishusha kwenye chemchemi za chini. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, bonde lote lile la vitunguu linakunywa maji yanayotoka juu huko. Nimewahi kufika Mang'ola kwa shughuli za da'wa, ndani ya Noah iliyopakia watu kumi na moja na kuku wawili, na niliona ajabu ile kwa macho yangu: ukame pande zote, mara ghafla mifereji ya maji safi na kijani kitupu. Walimaji ni Wairaqw, Wadatoga, Wachaga, Wanyaturu, Waswahili waliotoka kila pembe, na pembeni yao Wahadzabe ambao ardhi ile ilikuwa yao kabla ya yeyote. Msitu ukikatwa, Mang'ola inakauka. Kwa hiyo anayelinda msitu analinda riziki ya watu, na anastahiki kushukuriwa.

Lakini hapo Mang'ola, nje kabisa ya hifadhi, ambapo hakuna faru wala simba wa kumsingizia, kitunguu kinaoza kwa ajili ya njia. Vitunguu vya Mang'ola vinaliwa Nairobi. Mvua ikinyesha Fuso zinakwama, mnunuzi anajua kwamba mkulima hana pa kwenda, anataka lumbesa, gunia limeshonewa kofia mpaka haliinuki, na bei ni ya gunia moja. Mkulima anakubali maana kesho litakuwa limeoza. Hao nao, ukiwauliza, wako mwendo wa saa chache tu kutoka lami ya watalii. Barabara zao ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na kila bajeti wanatajwa. Matumaini makubwa ya wilaya sasa ni barabara ya Karatu, Mbulu, Haydom, daraja la Sibiti, Lalago mpaka Maswa, ambayo ilikuwamo katika mikataba iliyotiwa saini mwaka 2023.

Barabara hiyo ina kisa chake. Mwaka 2010 serikali ilitaka kupeleka barabara kuu kutoka Arusha hadi Musoma, ipite Loliondo na kukata Serengeti ya kaskazini kwa kilomita 53, mahali ambapo nyumbu hupita wakihama. Dunia ikapiga kelele. Shirika la kutetea wanyama la Nairobi likafungua kesi Arusha katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikaizuia lami ndani ya hifadhi. Mimi naona hukumu ile ilikuwa sahihi, na kuizunguka hifadhi kwa kusini ndiyo njia ya busara. Ila nilijiuliza swali moja: nyumbu alipata wakili, na mtu wa Loliondo je? Watu wake walibaki na njia mbili za kwenda Arusha, makao makuu ya mkoa wao. Ama wapite malango ya hifadhi, ama washuke kwa Sale na Ngaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, njia ya mawe na mito ya msimu. Kipande cha kilomita 49 kutoka Waso mpaka Sale kimetiwa lami miaka ya karibuni, na kwa hilo wanaohusika wanastahiki shukrani. Kilichobaki ni kirefu zaidi.

Na mkumbuke 2011. Mzee mmoja, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitangaza dawa ya kikombe katika kijiji cha Samunge, shilingi 500. Suala la itikadi tulilisema wakati ule na sitalirudia. Ninalolikumbuka ni magari. Foleni ilifika kilomita nyingi, wagonjwa walifia njiani, na nchi nzima, kuanzia mawaziri, ikagundua kwamba kwenda Sonjo hakuna njia. Wenyeji walikuwa wakiijua habari hiyo tangu wazaliwe.

Lami nayo si dawa ya kila kitu. Mei 6, 2017, pale Rhotia, juu ya ile barabara nzuri, basi dogo la skuli lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Anayejenga barabara bila kujenga kingo, bila kukagua gari na dereva, amefanya nusu ya kazi. Sisi wa visiwani tunaijua nusu hiyo tangu Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka uliofuata.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili. Mtawala anayo haki ya kuizuia ardhi kwa maslahi ya wote, na anaweza hata kuhamisha watu pakiwa na dharura ya kweli, kwa fidia na kwa ridhaa isiyobanwa. Wingi wa watu hauwi dharura mpaka ithibitishwe kwamba hao wachache wenye mbuzi ndio wanaoharibu, wala si mahoteli ya ukingoni na mamia ya gari yanayoshuka kreta. Na muda wote jambo likiwa linachunguzwa, haki ya njia, ya dawa na ya skuli haisimamishwi, kwani hizo ni haki za mtu popote alipo, awe Muislamu au asiwe. Wengi wa wanaozungumzwa hapa si Waislamu, na hilo halibadilishi herufi moja.

Ama swali la pili, la Zaka na gari ya wagonjwa. Katika madhehebu yetu ya Shaafi'i, Zaka sharti imilikishwe wanaostahiki, mikononi mwao, kwa hiyo gari la jumuiya halinunuliwi kwa fedha hiyo. Wapo wanavyuoni wa zama hizi waliolipanua fungu la fii sabiilillaah hadi likaingia kila jambo la kheri, lakini jamhuri ya wa mwanzo hawakulipanua hivyo, na sisi hatuoni haja ya kutoka huko maadamu ziko njia nyingine. Mgonjwa fakiri apewe Zaka mkononi, naye au ndugu yake alipe nauli na mafuta. Hilo linafaa bila khilafu, na halishurutishi awe jirani wa msikiti. Aliyetoka kwao akakatikiwa nauli Karatu, huyo ni ibn sabiil, hata kama kwao ana ng'ombe. Gari lenyewe linunuliwe kwa sadaka au liwekwe waqfu, kwani waqfu wa vitu vinavyohamishika unaswihi kwetu. Khaalid bin al-Waliid (r.a.) aliweka waqfu deraya zake. Na waqfu huo unaweza kumhudumia asiye Muislamu. Waandike tu tangu mwanzo nani atakuwa msimamizi, mafuta na matengenezo yatatoka wapi, na waombe kwa maandishi kwa mamlaka ya hifadhi ruhusa ya kupita langoni usiku, kabla hawajalinunua.

Wallaahu a'lam.